SOMO: Kuchagua kichwa cha stendi ya kamera kwa kazi za usharika na miradi



Katika semina zetu za makatibu wa sharika na viongozi wa vikundi, swali la kamera huulizwa kila mara. Tununue kamera gani? Iwe na megapikseli ngapi? Lenzi ipi? Swali la kitu kitakachoishika hiyo kamera huwa haliulizwi. Watu hununua kamera nzuri kwa fedha ya mradi, kisha kwa chenji iliyobaki wanachukua stendi yoyote iliyopo dukani. Nasi ofisini tulifanya hivyo hivyo, na somo hili limetokana na hasara tuliyoipata.

Mwaka 2016 tulianza kupiga picha vitabu vya ubatizo vya sharika za zamani. Wengi wenu mnavifahamu: jalada gumu, mistari iliyopigwa kwa rula, jina la mtoto, majina ya wazazi, wasimamizi wa ubatizo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, sahihi ya mchungaji. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini miaka hiyo, mara nyingi hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yanayolitaja jina lake. Mchwa wanavipenda vitabu hivi, na unyevu pia. Lengo letu lilikuwa kuwa na nakala kabla havijaisha.

Kamera yetu ilikuwa nzuri. Stendi ilikuwa nyepesi, kichwa chake cha plastiki kimeunganishwa moja kwa moja na miguu. Katika usharika mmoja tulifanya kazi siku mbili, mmoja akifunua kurasa na mwingine akibonyeza. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila ukurasa ulionekana safi. Tuliomba, tukafungasha, tukaondoka.

Masika ya mwaka 2020 paa la ofisi ya usharika ule lilivuja juu ya kabati. Vitabu viwili vililowa na wino ukasambaa. Tulisema, heri tuna picha.

Mwaka 2022 alikuja mwalimu mmoja. Tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha Taifa ilitofautiana na ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za ajira yake, akaambiwa alete ushahidi. Alijua amebatizwa wapi na nani alikuwa msimamizi wake. Tulifungua picha kwenye kompyuta, tukaupata mstari wake. Jina lilisomeka. Mwezi ulisomeka. Mwaka ulikuwa 196 na tarakimu moja mbele yake.

"Mratibu, hii ni moja au ni saba?"

"Mwalimu, naomba niivute karibu kidogo."

Kadiri nilivyoivuta ndivyo ilivyozidi kuwa doa. Wachungaji wa kizazi kile walifundishwa mwandiko wa Kijerumani: moja yao ina mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto, na saba yao ina kistari kidogo katikati. Tofauti ya 1961 na 1967 ilikuwa kwenye kistari hicho tu, na katika picha yetu kistari kingeweza kuwapo au kutokuwapo. Kitabu chenyewe mahali hapo kilikuwa kimebaki rangi ya bluu tupu.

Mwalimu aliitazama picha kwa muda, akasema kwa upole, "Mchungaji aliandika. Ninyi mkafuta." Aliondoka bila jibu kutoka kwetu.

Tulirudia kuzikagua picha zote za siku zile mbili. Kurasa za asubuhi ya kwanza zilikuwa nzuri kiasi. Zile za mchana, wakati wingu lilipofunika na kamera ikahitaji muda mrefu zaidi wa kupokea mwanga, nyingi zilikuwa zimetikisika. Nyingine zilikatwa mistari miwili ya chini, kwa sababu kamera ilikuwa inashuka polepole bila sisi kuona.

Kichwa ni kitu gani

Stendi ya kamera ina sehemu mbili: miguu mitatu, na kichwa kinachokaa juu yake. Miguu inabeba uzito. Kichwa kinaelekeza kamera na kuizuia isisogee baada ya kuelekezwa. Kwenye stendi za bei ndogo sehemu hizi mbili hazitengani, kwa hiyo mnunuzi hajui kwamba ananunua vitu viwili. Kwenye stendi nzuri kichwa hufunguliwa na kubadilishwa, na mara nyingi huuzwa peke yake.

Kuna skrubu mbili za kukumbuka. Ile inayoingia chini ya kamera ina kipenyo cha inchi 1/4. Ile inayounganisha kichwa na miguu kwa kawaida ni inchi 3/8, ingawa stendi ndogo hutumia 1/4 hapo pia. Vipimo hivi vinafuatwa na watengenezaji karibu wote duniani, kwa hiyo kichwa kilichotengenezwa China kitakaa juu ya miguu iliyotengenezwa Italia bila shida. Kuna kipete kidogo cha shaba nyeupe au chuma, chenye meno ya inchi 3/8 kwa nje na 1/4 kwa ndani, kinachosuluhisha pale skrubu zisipolingana. Nunua viwili au vitatu uviweke kwenye begi, maana ni vidogo na hupotea.

Mtikisiko mdogo unafanya nini

Watu huniambia, "Lakini ilitikisika kidogo tu." Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta kama 6,000 kwa urefu na 4,000 kwa upana. Kitabu cha ubatizo kikifunguliwa, pamoja na ukingo wa kuachia pembeni, tuseme kinachukua sentimita 45 kwa urefu. Gawanya 6,000 kwa milimita 450: kila milimita ya karatasi inapata nukta 13 hivi. Mstari wa kalamu ya wino wenye unene wa nusu milimita unapata nukta sita au saba. Basi kamera ikisogea kiasi cha nusu milimita juu ya karatasi wakati shata iko wazi, mstari mwembamba unapakwa juu ya nafasi iliyo wazi pembeni yake, na kistari cha saba kinakwisha habari yake.

Ofisi za sharika nyingi zina dirisha moja au mawili. Siku ya mawingu, ukitaka picha isiyo na chembechembe, shata hukaa wazi robo ya sekunde au zaidi. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Kichwa cha plastiki nacho hakitulii. Ukibonyeza kamera kwa kidole kinapinda kidogo kisha kinarudi, kama tawi ambalo ndege ameruka kutoka juu yake, na picha inapigwa wakati tawi bado linacheza.

Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na waliowafuata, walituachia picha nyingi. Sehemu ya mkusanyiko huo leo inatazamwa kwenye intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Walitumia kamera nzito na vioo vya picha vilivyohitaji mwanga mwingi kuliko kamera zetu, kwa hiyo stendi imara haikuwa anasa kwao. Sisi tumepewa kamera inayofanya kazi haraka, tukadhani tumesamehewa stendi.

Aina za vichwa

Ziko aina nyingi, lakini kwa kazi zetu nitazungumzia tatu kwa kirefu.

Ya kwanza ni kichwa cha gololi. Ndani yake kuna gololi kubwa ya chuma au aluminiamu iliyokaa kwenye kikombe. Ukilegeza skrubu moja, kamera inakwenda upande wowote, ukikaza, inasimama. Ni kidogo, chepesi, kinaingia kwenye begi, na ndicho wapiga picha wa safari na wa harusi wanakipenda kwa sababu ya wepesi wake. Vichwa vizuri vya aina hii vina skrubu tatu: moja ya kukazia gololi, moja ya kuweka uzito wa mzunguko ili kamera isianguke ghafla unapolegeza, na moja ya kuzungusha chini tu bila kugusa gololi. Chenye skrubu moja peke yake kiogope. Siku utakapolegeza bila kuishika kamera, itapiga kichwa chini na lenzi itagonga stendi.

Ubaya wa gololi ni huo huo uzuri wake. Kila upande unalegea kwa pamoja. Ukitaka kurekebisha mstari ulioinama kidogo kushoto, unapoteza na ule wa mbele uliokuwa umeshaupata. Kwa ukurasa wa kitabu unaotakiwa kuwa sambamba kabisa na kamera, kazi hii inachosha. Nimewaona vijana wakitumia dakika kumi kwa jambo la dakika moja.

Ya pili ni kichwa cha mikono mitatu. Kina mikono au vishikio vitatu, kila kimoja na kazi yake: kimoja cha kuinamisha mbele na nyuma, kimoja cha kulaza pembeni, kimoja cha kuzungusha kulia na kushoto. Ukilegeza kimoja, viwili vinabaki vilivyo. Ni kikubwa na kizito, mikono inajitokeza kama pembe za ng'ombe na inakwama kwenye mlango wa daladala. Lakini kwa kitu kisichoondoka, kama kitabu, jengo, mfereji au kikundi kilichoketi, hakuna kinachokifikia kwa bei yake. Vingi vina namba za nyuzi kuzunguka kitako, na huko chini nitaeleza zinavyosaidia.

Kuna ndugu yake kiitwacho kichwa cha gia, ambacho badala ya kulegeza na kukaza unazungusha vitufe na kamera inasogea kidogo kidogo kwa meno ya gia. Kwa kunakili vitabu ni bora kuliko vyote niliyowahi kushika. Bei yake ndiyo inayotuzuia, pamoja na uzito wake.

Ya tatu ni kichwa cha video. Ndani yake kuna kilainishi kizito kinachopunguza kasi ya kila mwendo, hivyo kamera inageuka taratibu bila kustuka. Mmoja wa waliokibuni alikuwa Chadwell O'Connor, mhandisi wa Marekani aliyependa kupiga filamu treni za mvuke na akachoshwa na picha zinazorukaruka kila alipoifuata treni kwa kamera. Baadaye Hollywood ilimpa tuzo ya Oscar ya ufundi kwa kazi hiyo. Kama idara yenu inarekodi kwaya, ibada au mahojiano na wanufaika, nunueni hiki. Lakini angalieni jambo moja: vingi havilazi kamera pembeni, kwa hiyo picha ya wima haiwezekani bila kifaa kingine, na kwa vitabu havifai sana.

Vile vya wapiga picha za wanyama, vyenye mkono mkubwa wa kuning'iniza lenzi ndefu, sisi havituhusu.

Na kwa wanaotumia simu, ambao sasa ni wengi: simu haina tundu la skrubu, lakini kuna kibanio chenye tundu la inchi 1/4 kinachoishika simu na kukaa juu ya kichwa chochote. Simu ni nyepesi, hivyo kichwa kidogo kinatosha. Kwa picha ya ukurasa mmoja mmoja simu nzuri iliyotulia imetushangaza, na ninaikubali kuliko kamera kubwa iliyowekwa juu ya kichwa kibovu.

Namba ya uzito isikudanganye

Kwenye boksi utaona imeandikwa kichwa kinabeba kilo kadhaa. Namba hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, na hakuna kipimo kimoja ambacho wote wanalazimika kukifuata. Mara nyingi inahusu uzito uliokaa wima juu ya katikati ya kichwa. Sasa chukua ndoo ya maji uikumbatie kifuani, kisha inyooshe kwa mkono mmoja mbele yako. Ndoo ni ile ile, ila mkono unatetemeka. Kamera inapoinamishwa kutazama kitabu kilicho chini, ni ndoo iliyonyooshwa.

Kwa sababu hiyo, jumlisha uzito wa kamera na lenzi nzito kuliko zote unazotumia, kisha tafuta kichwa kilichoandikwa mara mbili ya hapo, na ukiweza mara tatu. Kamera ya kawaida ya lenzi za kubadilisha pamoja na lenzi yake ndogo haizidi sana kilo 1. Kwa hiyo usiangalie kichwa kilichoandikwa chini ya kilo 3. Ukiwa na lenzi kubwa ya kuvuta mbali, ambayo peke yake inaweza kufika kilo 1.5, anzia kilo 6.

Nyenzo nayo ina maana. Kichwa kizima cha aluminiamu au magnesiamu kitaishi kuliko wewe. Ikiwa mahali skrubu inapokazia ni plastiki, itakula meno yake mwaka wa kwanza. Kwa gololi, yenye kipenyo kikubwa hushika vizuri kuliko ndogo, kwa sababu eneo la kushikana ni kubwa na liko mbali zaidi na kitovu.

Ukiwa dukani

Nenda na kamera yako mwenyewe, na lenzi yako nzito. Muuzaji akikataa usiijaribishe, ondoka na fedha yako. Akikubali, fanya hivi.

Funga kamera juu ya kichwa, vuta lenzi karibu hadi mwisho, elekeza kwenye herufi ndogo ya kalenda iliyo ukutani upande wa pili wa duka, weka herufi hiyo katikati kabisa, kisha kaza na uondoe mikono. Angalia tena. Kwenye vichwa vibovu herufi inashuka pale pale unapoachia. Kwenye vya wastani inashuka kidogo sana kisha inatulia, na hilo unaweza kuishi nalo. Usiondoke hapo. Hesabu dakika mbili ukipiga soga na muuzaji, kisha tazama mara ya tatu. Kichwa chetu cha mwaka 2016 kingefaulu jaribio la kwanza na kuanguka kwenye hili.

Sasa inamisha kamera itazame sakafu moja kwa moja, nyuzi 90. Vichwa vingine vinafika, vingine vinagota njiani. Vichwa vingi vya mikono mitatu vinainama sana upande mmoja na kidogo upande wa pili kwa sababu mkono unagonga miguu. Mara nyingi dawa yake ni kuifunga kamera ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Cha gololi huwa na mwanya pembeni mwa kikombe. Shingo ya gololi inaingia humo na kamera inalala. Rudia jaribio la herufi ukiwa katika hali hiyo, ukitumia maandishi ya gazeti lililowekwa chini, maana huku ndiko kichwa kinakotubu.

Mwisho, wakati picha ikionekana kwenye kioo cha nyuma, gonga kamera kwa ukucha. Picha itatetemeka, hilo haliepukiki. Angalia inachukua muda gani kutulia. Ikitulia kabla hujamaliza kusema "moja", chukua. Ikiendelea kucheza kama jeli, rudisha.

Bamba la kufungia

Karibu vichwa vyote vya sasa vina bamba dogo linaloskrubiwa chini ya kamera na kubaki huko. Kamera na bamba lake vinatoka na kuingia kwenye kichwa kwa kubonyeza au kulegeza kitu kimoja. Hii inaokoa muda, lakini ni mtego pia. Bamba likipotea, kichwa hakina kazi. Nimeona stendi tatu nzuri zikiwa zimesimama stoo ya ofisi kwa kukosa kibamba kidogo kuliko kiberiti.

Kwa hiyo uliza kabla ya kununua: bamba hili linapatikana peke yake? Upo muundo mmoja ulioanzishwa na kampuni ya Arca-Swiss, wenye kingo zilizokatwa mshazari na upana wa milimita 38 hivi, ambao makampuni mengi yameuiga. Si wote wanaolingana kwa usahihi kamili, lakini mara nyingi bamba la kampuni moja litaingia kwenye kichwa cha nyingine. Manfrotto wa Italia wana bamba la muundo wao, nalo limeenea sana na linapatikana. Muundo usiojulikana, wa kampuni usiyowahi kuisikia, uachie dukani hata kichwa kiwe kizuri. Na siku hiyo hiyo nunua bamba la pili.

Sisi tulichagua nini

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara na kukaa kwanza kuhesabu gharama. Tulikaa. Bajeti ilitosha kichwa kimoja kizuri au viwili vya wastani. Kijana wetu wa mawasiliano alitaka cha gololi kwa sababu ya safari za vijijini kwa pikipiki, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mimi nilitaka cha mikono mitatu kwa sababu ya vitabu. Tulipohesabu picha zinazotudai usahihi na zisizoweza kurudiwa, vitabu vilishinda. Tukanunua kichwa cha mikono mitatu cha chuma kitupu, tukaiweka juu ya miguu ile ile ya zamani kwa muda, na picha zikawa bora mara moja ingawa miguu ilikuwa dhaifu. Miguu tuliibadilisha mwaka uliofuata. Kama una fedha ya kimoja tu na kazi yako inafanana na yetu, huo ndio ushauri wangu, na wapiga picha wa harusi wanicheke.

Kwenye kitabu tunafanya hivi. Kitabu kinawekwa mezani karibu na dirisha, si kwenye jua. Kamera inatazama chini. Juu ya ukurasa, katikati, tunaweka kioo kidogo cha kujitazamia, kikiwa bapa. Ukitazama kupitia kamera utaiona lenzi yenyewe ndani ya kioo. Ilegeze mikono mmoja mmoja mpaka lenzi ionekane katikati kabisa ya picha. Hapo kamera iko sambamba na ukurasa, na utakuwa umefanya kwa dakika moja kazi ambayo pima maji ya kichwa ingeifanya kwa kubahatisha, kwa sababu meza za ofisi za sharika si bapa. Ondoa kioo. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi kama kipo, maana baadhi vinahangaika visipopata mtikisiko wa kuzuia. Weka taima ya sekunde mbili ili kidole kiwe kimeshaondoka. Tundika mfuko wa mchanga kwenye stendi, upande ulio kinyume na kamera ikiwa imejitokeza mbele. Baada ya kila kurasa kumi fungua picha ya mwisho, ivute hadi mwisho, usome tarakimu ndogo kuliko zote. Usiamini kioo cha nyuma cha kamera kabla ya kuvuta.

Zile namba za nyuzi tunazitumia kwenye miradi ya maji na upandaji miti. Ukitaka picha ya chanzo cha maji mwaka huu ilingane na ya miaka mitatu ijayo, chagua mahali pa kusimama pasipohama, kwa mfano juu ya mfuniko wa tangi. Elekeza kamera kwanza kwenye alama ya kudumu, kama kona ya jengo, usome nyuzi. Kisha geukia chanzo, usome tena. Andika tofauti ya namba hizo kwenye daftari pamoja na urefu wa stendi na urefu wa lenzi. Mfadhili akiweka picha mbili sambamba, ataona miti imeongezeka au haikuongezeka, wala hatabishana kuhusu pembe. Mara moja picha kama hizo zilituonyesha kwamba haikuongezeka, na tukalazimika kuandika hivyo kwenye taarifa.

Utunzaji

Vumbi la kiangazi ndilo adui. Futa kichwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari, na kwenye maungio tumia mswaki wa zamani. Usitie mafuta kwenye gololi. Fundi mmoja wa pikipiki alitusaidia kwa nia njema, akapaka grisi, na kichwa kile hakijashika kitu tangu siku hiyo, kwa sababu gololi inashikiliwa na msuguano na grisi kazi yake ni kuuondoa. Cha video usikifungue kabisa. Kilainishi kikivuja hakirudi. Unapohifadhi, legeza skrubu zote. Zikiachwa zimekazwa miezi mingi, nyingine hugoma kufunguka na nyingine hulegea zenyewe.

Kichwa chetu kipo ofisi ya miradi pamoja na bamba zake mbili na kioo. Usharika wenye vitabu vya zamani unaweza kukiazima kwa barua ya mchungaji au katibu, wiki mbili kabla. Anakuja nacho kijana wetu, na anahitaji meza moja, dirisha moja, na mtu wa kufunua kurasa mwenye mikono mikavu. Tafadhali msisubiri masika.